Panadol na Tylenol ni dawa moja

Dada, shikamoo.

Mzigo ukifika hapo Ngamiani, zile chupa zilizoandikwa "acetaminophen" zisikutishe. Ndani mna parasetamoli, hii hii ambayo maduka yote ya dawa Tanga huiita panadol. Ukimpa Mama kidonge cha chupa hii kisha panadol juu yake, umempa dozi mara mbili.

Jina la kikemia ni refu, para-asetilaminofenoli, na kila nchi imelikata kivyake. Waingereza walichukua para, aset, am na ol. Wamarekani waliiacha para, wakabaki na asetaminofeni. Hata Tylenol, jina la kibiashara la dawa hii huku Marekani, lililoingia sokoni mwaka 1955, limechotwa humo humo. Vipande vyenyewe vina asili ya kupendeza: asetili imetokana na acetum, siki kwa Kilatini. Amino imetokana na amonia, ambayo jina lake linarudi kwenye chumvi iliyohusishwa na hekalu la Amuni, mungu wa Misri ya kale. Fenoli imetokana na neno la Kigiriki la kung'aa: Mfaransa Auguste Laurent alilichagua kuiita benzini, ambayo fenoli imejengwa juu yake, kwa sababu benzini ilipatikana kwenye gesi iliyowasha taa za mijini.

Panapoharibika zaidi ni kwa watoto. Dawa ya maji ya huku Marekani ina miligramu 160 katika mililita 5. Ya huko kwa kawaida ina 120. Mtoto hupewa miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara 4 kwa siku. Wa kilo 12, basi, mwisho wake ni 180. Mililita 7.5 za dawa ya huko ni 180 kamili, lakini za huku ni 240, zimeshapita. Ya huku mpe mililita 5 tu, na upime kwa kibomba kilichomo kwenye boksi, si kijiko cha chai.

Mtu mzima mwisho ni vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mama ni mwembamba, tafadhali asivuke vidonge 4. Dawa za mafua nazo zisome, nyingi zina parasetamoli ndani. Ikizidi huharibu ini, na siku ya kwanza mtu anaweza kuhisi kichefuchefu tu au asihisi kitu. Usisubiri macho yawe ya njano, mkimbize hospitali ya Bombo saa hiyo hiyo.

Na homa ikishuka, bado apimwe malaria. Dawa hii haiui vijidudu.

Wasalimie wote.

Mdogo wako