Somo, kuhusu ule ufalme wetu wa chumvi

Somo yangu,

Asalaam aleykum, natumai mko wazima wote huko Ujiji na mama miguu imepungua kuuma. Huku Tabora tunashukuru Mungu, joto tu ndo linatuchoma, na maembe yameanza kudondoka juu ya bati usiku yaani unashtuka usingizini. Voisi yako niliisikiliza mchana nikiwa napepeta mchele, nikairudia tena usiku watu wamelala, alafu nikaona hapana, hili haliwezi kujibiwa kwa voisi, linataka maandishi. Kwaiyo kaa chini usome taratibu.

Unasema ufalme wetu, huu wa hadithi tunayoitunga mi na we, sasa unahitaji shujaa, dola imeanguka, watu wanateseka, basi atokee kijana ana damu ya mfalme ana upanga wa mfalme, awakusanye watu arudishe dola kama ilivyokuwa. Somo mi hapo nakataa, na nakataa kwa moyo wote, mana hii nchi tumeitunza toka tuko kidato cha pili na sitaki tuiharibie mwisho.

Ngoja nirudie tulipokubaliana maana lile daftari la kwanza lililowa mvua na naona kwenye voisi vitu vingine umevichanganya. Dola ya zamani iliendeshwa na moto. Kule mlimani kuna moto mmoja haujawahi kuzimika, na kila mwaka mvua za kwanza zikikaribia wabeba moto wanatoka na makaa kwenye vyungu, wanakimbia njia zote nane mpaka vijiji vya mwisho, kila nyumba inazima jiko lake na kuliwasha upya kwa kaa la mfalme. Na ule moto una siri yake, ukisema uongo mbele yake moshi unakugeukia wewe, hata upepo uwe unavuma upande gani. Juu ya hiyo siri ndo tulijenga kila kitu, mahakama, mikopo, posa, mipaka ya mashamba. Hakuna mkataba wala shahidi, unasimama jikoni unatamka imeisha. Hata mtoza kodi akifika anauliza umevuna magunia mangapi, jiko ndo linamjibu.

Alafu mfalme akafa hajataja mrithi, watoto wake watatu wakaingia kwenye nyumba ya moto kila mmoja anataka kutoka na kaa lake, na katika kugombania ukazimika. (We uliandika walimwaga maji makusudi, mi naona bora isijulikane.) Usiku ule majiko ya nchi nzima yaliendelea kuwaka, ugali ukaiva kama kawaida, ila moshi ukawa moshi tu.

Hapa ndo nataka ukae zaidi usipapite haraka. Asubuhi yake hakuna jeshi lililovamia wala nyumba iliyobomolewa. Kuna mwanamke anamwambia jirani yake nirudishie jembe langu, jirani anasema hili ni langu, wanaingia jikoni wote wawili wanaapa, na moshi unapanda juu wima, wima kabisa, hauendi kwa huyu wala kwa yule. Wanabaki wanatazamana. Mi kwangu hapo ndo dola imeanguka. Mambo mengine yote yanakuja baadaye, misafara inasimama kwa sababu hakuna wa kukopeshana, posa zinavunjika, askari hawalipwi wanaanza kukaa njiani wanawanyang'anya wasafiri, lakini chanzo ni lile jembe.

Sasa kuhusu huyo shujaa wako. Mwezi uliopita niliwapeleka watoto wa dada Kwihara, kwenye lile tembe walilokaa Livingstone na Stanley 1872, na wakati watoto wanahangaika na kupiga picha mi nilikuwa namuwaza Mirambo. Si unajua jina lenyewe maana yake maiti, na alianza akiwa mtemi wa kaeneo kadogo tu huko Uyowa, akakusanya rugaruga, wale wapiganaji wake, vijana, watoro, mateka, watu wasio na kwao, 1871 akapigana na Waarabu wa hapa Tabora mpaka Stanley akaingia vitani upande wa Waarabu na wakashindwa, akaikamata njia ya kuja huko kwenu Ujiji, na 1876 huyohuyo Stanley akachanjiana naye damu wakawa ndugu. Mtu mkubwa yule. Kafa Desemba 1884, na aliyemrithi hakuweza kuishika ile dola, ndani ya miaka michache ikamegekamegeka watemi wadogo kila mmoja akarudi kwake. Kwa nini? Mana ile dola ilikuwa ni yeye. Rugaruga walikuwa wanamfuata yeye, njia ilikuwa inamuogopa yeye. Alipofumba macho hakuna kitu kilichobaki cha kushika kwa mkono.

Sasa nikikaa nikafikiria, kilichobaki ni nini? Maneno, somo. Ikulu ni neno la huku, makao ya mtemi, na leo nchi nzima inasema Ikulu. Nyapara ni mnyampara wetu, mzee msaidizi wa mtemi, leo kila mjengo una nyapara. Utemi wenyewe serikali iliufuta 1963, lakini ile kazi ya kusimamia, kugawa, kuita watu kazini, haikufa, ilihama tu ikakaa kwa watu wengine. Hicho ndo nataka kwenye ufalme wetu, tusimtafute mtu mwenye upanga, tutafute kazi ipi haikusimama hata siku moja wakati dola inaanguka na ilikuwa mikononi mwa nani.

Na hili sikulitoa kwenye vitabu. Unakumbuka msiba wa bibi, ile nyumba kubwa ya Ng'ambo. Arobaini ilipopita tu wajomba wakaanza, huyu ana karatasi ya kiwanja, yule ana karatasi nyingine ya kiwanja hichohicho, wakaacha kusalimiana na bado wanalala nyumba moja, wake zao wamegawana uwani kwa mstari wa mkaa. Miezi sita. Ma'mdogo, yule mdogo wa mwisho asiyeolewa ambaye hakuna hata mmoja aliyemuuliza maoni yake, kila alfajiri anatoa sufuria ya uji nje, anachukua kile kikombe cha bati cha bluu kilichobanduka rangi mdomoni, anampimia kila mtu kikombe kimoja, anakijaza mpaka kwenye ule mstari uliobanduka na anakuonyesha kwanza ndo anakumiminia. Mjomba mkubwa kikombe kimoja. Adui yake kikombe kimoja. Mtoto wa mpangaji kikombe kimoja. Hakusema neno lolote kuhusu kiwanja. Mwisho wa yote funguo za nyumba wajomba wote wawili walikubali zikae kwake, na hakuna kikao kilichoamua, ilitokea tu, mmoja alisafiri akamwachia, mwingine akaona sawa. Nikamwangalia siku ile anafunga ule ufunguo kwenye pindo la khanga na nikasema moyoni, huyu ndo mtemi.

Kwaiyo sikiliza. Ufalme wetu uanzie kwenye visima vya chumvi, kule kona ya magharibi ya ramani yako ulipoandika hapafai. Nimechukua Uvinza, sikufichi, we unapita pale kwa treni kila ukija, watu wamechemsha ile chumvi zaidi ya miaka elfu moja, watawala wamepita wangapi na maji ya chumvi yanatoka tu. Kwenye nchi yetu kuna bibi mchemsha chumvi ana kibaba chake cha mti. Moto wa mfalme ulipozimika wauza chumvi wote walikosa wateja kasoro yeye, mana yeye toka enzi za moto alikuwa na tabia ya kujaza kibaba mbele yako alafu anakupa kijiti ukisawazishe mwenyewe kwa mkono wako. Watu walikuwa wanamuona anapoteza muda, jiko si lipo. Sasa jiko halipo, na kibaba chake ndo kitu pekee nchi nzima ambacho mtu anaweza kukiamini kwa macho. Watu wakaanza kuja na madeni yao pale, na mahari, na magomvi ya mipaka, wanahesabiana kwa vibaba vya chumvi mbele ya kadamnasi. Ufalme umezaliwa hivyo, hakuna vita hata moja.

Utawala wake nimeufikiria hivi. Mtemi anatoka upande wa dada, mtoto wa dada ndo anarithi, kama ilivyokuwa zamani huku Unyamwezi kabla utemi haujahamia kwa watoto wa kiume. Siku ya kutawazwa hapewi taji, anakaa chini anapima chumvi ya kila kaya, kutwa nzima, na anayesawazisha lazima awe mgeni aliyepita njia. Mkono ukitetemeka akapunja hata mara moja, kesho anakaa ndugu yake. Wanyampara ni saba, kila mmoja ana nakala ya kibaba na kila mwaka wanavikutanisha vyote kwenye maji, wanamimina kutoka hiki kwenda hiki, kikizidi au kupungua mwenyewe anavuliwa. Wale wabeba moto wa zamani wameajiriwa kupeleka habari, lakini habari yoyote lazima ije na watu wawili waliopita njia tofauti. Neno mtemi si wazee wanasema linatokana na kutema, kukata, wengine wanasema ndiye aliyekata msitu kwanza, wengine wanasema anayekata mashauri. Kwetu tuchukue la mashauri.

Lakini pia nisikudanganye, sitaki ufalme wa malaika. Koo zenye visima zimetajirika na zimeanza kuoana zenyewe kwa zenyewe. Na kuna wale waliokuwa askari wa dola wakageuka wanyang'anyi, walipokelewa, wakapewa mashamba, lakini sheria ikasema wao na watoto wao hawatagusa kibaba. Wanaruhusiwa kuokota kuni, kubeba maji, kulinda njia. Kizazi cha tatu sasa, mtoto amezaliwa hapa, hajawahi kushika mkuki, na bado akinyoosha mkono kwenye kibaba watu wananyamaza. Hilo linaniuma kweli, mana umeona mwenyewe huku kwetu mtu anaweza kuitwa wa kuja mpaka mjukuu. Hicho ndo kidonda cha nchi na hadithi yetu ipite hapo hapo.

Na nimemkumbuka Nyaso. Isike mtemi wa Unyanyembe, utemi wa hapa Tabora, alipigana na Wajerumani, na Januari 1893 ngome yake ya Kwikuru ilipoingiliwa alijilipua kwa baruti kuliko kukamatwa, hiyo tulifundishwa wote. Ila baada yake aliyekalia kiti alikuwa mwanamke, Nyaso, na wanamtaja wachache. Mi nawaza asubuhi yake ya kwanza, moshi wa baruti bado, ngome imekuwa majivu, Wajerumani wako mlangoni, na watu wanakuja na kesi zao za ng'ombe kama jana. Afanyeje? Huyo ndo mtu wa kuandikwa.

Sasa kijana wako, mana najua utanuna nikimtoa, nimempa nafasi. Mwaka wa sitini wa ufalme anatokea kijana kutoka mlimani na chungu, ndani mna kaa hai la moto wa zamani. Wanalijaribu, mzee mmoja anasema uongo kidogo kuhusu umri wake, moshi unamgeukia. Watu wanalia kabisa. Wanyampara watano kati ya saba wanataka vibaba vichomwe siku hiyohiyo na kijana awe mfalme, dola irudi. Koo za visima zinataka kaa lizimwe kimyakimya usiku. Na mtemi wakati huo ni mjukuu wa yule bibi, msichana wa miaka kumi na tisa, hakuna anayemuuliza.

Ni siku ya soko na foleni ya chumvi ni ndefu. Yeye anamtazama huyo kijana aliyesimama na chungu chake, anaona vidole vimeungua mpaka malengelenge kwa kulibeba safari yote bila kulitua. Anamwambia tua hicho chungu hapo pembeni uje unishikie mdomo wa gunia. Kijana anatua, anashika. Na wa kusawazisha anamwita mtoto wa wale wasiogusa kibaba, msichana aliyekuja kuleta kuni, anampa kijiti. Soko zima kimya. Kaa liko pembeni linafuka, moshi unapanda wima.

Hapo nimeandika kurasa nne, nitakutumia picha bando likikubali. Kutoka hapo sijui waendeje, hiyo sehemu nakuachia wewe, we ndo unawajua wale wanyampara vizuri, hasa yule wa kaskazini mwenye jicho moja. Ila naomba kwenye ramani futa lile neno hapafai, na uchore njia ya chumvi ipite kusini ya mto ili wakati wa masika isikatike.

Nitakuja wiki ya pili ya mwezi ujao na treni kama nauli haijapanda. Ukipita Uvinza kabla ya hapo nichukulie chumvi ya pale, hata kopo moja, nataka kuishika mkononi nione inavyomwagika ukiisawazisha kwa kijiti.

Nisalimie mama na watoto.

Somo wako, Tabora