Neema, ile filamu ya daktari wa wazee nimeimaliza

Mwanangu Neema,

Hujambo mama? Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa tunaishia kubishana, na salio linaisha kabla sijafika nilipotaka.

Filamu uliyoniachia nimeimaliza jana usiku, stima iliporudi. Yule daktari kijana anayeona makao ya wazee kama adhabu alinichekesha. Hata kununa kwake ni kwako. Kisha akaja bibi anayeamka usiku kugombana na pazia. Nikacheka, halafu nikanyamaza.

Nilimkumbuka nyanya yako mwaka jana, alipoanza kusema majirani wanachimba chini ya kitanda chake wamwibie kuku. Mjomba wako akasema ni uzee. Shangazi akasema amerogwa, na mtu wa kumwagua alikuwa ameshapatikana. Wewe ukapiga simu ukauliza swali moja, likanikera: "Mkojo wake ukoje?" Haya, akapimwa. Kumbe ni maambukizi ya njia ya mkojo. Ukanieleza kwamba mzee anaweza asipate homa wala maumivu, akili ikatangulia kuvurugika. Akameza dawa, na kabla ya wiki mbili alikuwa anahesabu zile shilingi 2,000 zake za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee (mwezi zikifika), na kutaja kila aliyemkopa.

Kwenye filamu hakuna aliyemuuliza yule bibi kuhusu mkojo. Waliweka muziki tu.

Sasa nikwambie jambo. Mwaka 2024 madaktari walipogoma siku 56, serikali ikitaka madaktari wanagenzi walipwe shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,000 za mkataba wa 2017, nawe ukingoja nafasi yako ya unagenzi, ukaokota kazi ya uhudumu kwa wazee. Akina mama wenzangu wa chama niliwaambia uko hospitali kubwa, upande wa moyo. Hata ulipomaliza unagenzi ukarudi kwa wazee kwa hiari yako, sikurekebisha. Mama Wafula alikuwa akikuombea kwa ajili ya hiyo mioyo.

Unakumbuka siku niliyokuletea chapati, ukaambiwa nilikuwa na haraka? Sikuwa na haraka. Nilifika hadi mlangoni. Ulikuwa umepiga magoti, mguu wa mzee ndani ya karai la maji ya uvuguvugu, unamkata kucha zilizojikunja kama pembe. Akakwambia, "Polepole daktari, hufyeki nyasi." Mkacheka wote wawili. Mimi niliona magoti yako kwenye ile sakafu, nikawaza karo niliyolipa, nikageuka. Chapati nikamwachia soja.

Jumapili chama kiko kwangu, saa nane. Nimeshawaambia ukweli, na Mama Wafula hajanisamehe. Lakini anasema mama mkwe wake tangu Jumatatu anazungumza na jiko. Nimemwambia asingoje Jumapili, akupigie leo, na asishtuke ukimuuliza habari za mkojo.

Mama yako.