Baridi haileti mafua bila virusi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti hili kwa miaka mingi bila kuliandikia hata mara moja, lakini taarifa yenu ya juma lililopita kuhusu mafua imenishinda kuinyamazia. Mwandishi wenu ametangaza bila kusita kwamba baridi ndiyo inayoleta mafua, kisha akawahimiza wazazi wawafunike watoto gubigubi na kufunga madirisha usiku na mchana. Dai hilo si sahihi, na ushauri wa madirisha ni wa hatari.

Mafua huletwa na virusi. Kundi moja tu, la rinovirusi, lina aina zaidi ya 150, ndiyo maana mtu hupona na baada ya muda mfupi akaugua tena. Huko Salisbury, Uingereza, kilikuwapo kituo cha kuchunguza mafua kuanzia mwaka 1946 hadi 1990, na katika moja ya majaribio yake watu waliojitolea walisimama kwenye ujia wenye upepo wakiwa wamelowa, kisha wakabaki na soksi mbichi miguuni. Waliopigwa na baridi hiyo bila kutiwa virusi puani hawakupata mafua. Kuna pia habari za Longyearbyen, mji uliokuwa wa wachimba makaa ya mawe karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, ambako watafiti walioripoti mwaka 1933 waliona kwamba mafua yalikaribia kutoweka katikati ya majira ya baridi kali, bahari ilipoganda na meli zikakoma kufika, kisha yakarudi kwa kishindo meli ya kwanza ilipotia nanga. Kama baridi pekee ingetosha, wachimbaji wale wasingekauka kamasi mwaka mzima.

Taarifa yenu iliegemea utafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, Wales, wa mwaka 2005, nami sitaki kuupuuza. Watu 180 waligawanywa mafungu mawili, nusu wakatia miguu katika maji baridi kwa dakika 20, na katika siku chache zilizofuata asilimia 29 kati yao walisema wana dalili za mafua, ilhali katika fungu lililoweka miguu kwenye beseni tupu walikuwa asilimia 9. Lakini hakuna aliyepimwa virusi, na kila mmoja alijua kama miguu yake imeloweshwa au la. Hata watafiti wenyewe walidhani kwamba baridi hubana mishipa ya damu puani na kuvipa nafasi virusi ambavyo mtu alikuwa navyo tayari. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha, kwa seli za panya, kwamba rinovirusi huzaliana vizuri zaidi katika nyuzijoto 33, ambayo ni karibu na joto la ndani ya pua, kuliko katika 37, kwa sababu kinga ya seli hulegea penye ubaridi. Kwa hiyo huenda baridi ikamfungulia mgeni mlango, lakini mgeni mwenyewe lazima awe ametoka kwa mtu mwingine.

Ninalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeona linavyoumiza. Binti yangu alimpeleka mwanawe zahanati akiwa na kamasi na homa ndogo, na kabla hata mtoto hajaguswa, mhudumu alimfokea mama huyo mbele ya watu wote kwa kumtoa mtoto asubuhi bila kofia, akamwambia kwamba ugonjwa amejitakia mwenyewe. Hakuna aliyemuuliza mtoto amecheza na nani. Siku mbili kabla ya hapo alikuwa na binamu yake aliyekuwa akijifuta kamasi kwa mkono wa shati, na kikombe chao kilikuwa kimoja. Wakati binti yangu anafokewa, madirisha yote ya chumba kile yalikuwa yamefungwa kwa kuogopa baridi, benchi limejaa wanaokohoa, na mtu mmoja alikohoa kiganjani kisha akamkabidhi jirani yake kalamu ya kujiandikishia. Ukitafuta chumba kilichoandaliwa kugawa mafua, ni kile, na kiliandaliwa na imani ileile ambayo gazeti lenu limeipamba kwa jina la sayansi.

Binti yangu aliondoka na chupa ya antibiotiki, na hili nalo gazeti halijalikemea ipasavyo. Antibiotiki huua bakteria. Virusi vya mafua haviguswi nazo, na kila dozi isiyohitajika huwasaidia bakteria kuwa sugu, hata siku mtoto atakapopata nimonia dawa ishindwe kufanya kazi.

Ninaomba mchapishe masahihisho katika ukurasa uleule na kwa ukubwa uleule wa herufi, yakisema kwamba mgonjwa wa mafua anawe mikono kwa sabuni, akohoe kwenye kiwiko, asichangie kikombe, na chumba alimo kiachwe dirisha moja wazi, huku waliomo wakivaa nguo nzito wakipenda. Na taarifa yoyote ya utafiti wa mafua mtakayoichapa baadaye iseme katika aya ya kwanza ni watu wangapi walichunguzwa, na kama kuna hata mmoja aliyepimwa virusi puani.

Msomaji wenu wa siku nyingi