Mama, nitumie kisutu kingine

Berlin, Jumatatu usiku

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Baba na wote hapo nyumbani Ngamiani, Tanga. Mimi huku sijambo, alhamdulillahi, hofu na mashaka ni juu yenu. Anayekuletea barua hii ni yule dada wa Pangani anayekuja likizo. Kwenye bahasha kuna picha za kibanda changu cha sokoni, nimezisafisha kubwa kwa sababu najua kwenye simu huzioni vizuri. Zitazame kwanza, halafu ndiyo uendelee kusoma.

Ama baada ya salamu, nia yangu ni kukueleza habari za soko na kukuomba mzigo wa kanga na vikapu. Ningeweza kukupigia, lakini nataka mdogo wangu aikunje barua hii aende nayo madukani, asije akarudi na nusu ya nilichoagiza.

Unajua wiki nzima niko na wazee ninaowahudumia kule ninakofanya kazi. Jumapili ninazopumzika ndizo ninazokwenda sokoni. Mahali penyewe panaitwa Mauerpark, yaani bustani ya ukuta. Ule ukuta aliokuwa akiutaja Babu kila redio ilipotaja Ujerumani, uliojengwa mwaka 1961 ukaugawa mji huu, ulipita hapo hapo. Ilipo bustani palikuwa ukanda mtupu wa walinzi na taa, na anayejaribu kuuvuka alipigwa risasi. Ulifunguliwa Novemba 1989. Leo pana nyasi, pana watoto, pana watu wanaopanda jukwaani kuimba mbele ya umati wasioujua, na juu ya kilima kimebaki kipande cha ukuta ambacho vijana wanakichora rangi juu ya rangi. Mara ya kwanza nilisimama pale nikamsomea Fatiha marehemu Babu.

Jumapili Ujerumani nzima maduka karibu yote yamefungwa, ni sheria. Mji unanyamaza kama Tanga saa nane ya mchana mwezi wa Ramadhani. Basi watu wote wenye hamu ya kutoka na kushika vitu wanamiminika sokoni. Wenyewe wanaliita soko la viroboto, jina lililotoka Ufaransa, eti kwa sababu ya nguo na magodoro makuukuu yaliyouzwa huko zamani. Usiogope, viroboto hakuna. Wengi wanauza vitu vilivyokwisha tumika, vyombo, taa, baiskeli, santuri, makoti. Wapo pia wenye kazi za mikono, na mimi nimo humo, na kanga zako na vikapu.

Sasa nikwambie jinsi nilivyoanza vibaya. Siku ya kwanza nilipanga meza kama kabati la duka: kanga zimekunjwa mraba mraba, zimepangwa marundo manne, vikapu vimeingizwa kimoja ndani ya kingine chini ya meza visichukue nafasi. Nilijiona nimefanya kazi safi. Mama, tangu saa nne asubuhi hadi saa saba mchana watu walipita mbele yangu kama maji ya mto, na waliosimama hawakufika watano. Mmoja aliuliza kama ni vitambaa vya meza.

Saa saba nikamwomba jirani yangu, mzee wa Kituruki anayeuza bilauri na taa, aniangalizie. Nikatoka nje kabisa, hadi barabarani kunakoshuka watu wa tramu, nikaingia upya kama mnunuzi. Hapo ndipo nilipoona. Ukiwa ndani ya umati huoni meza hata moja. Unaona migongo na vichwa. Kilicho chini ya kifua cha mtu hakipo, mpaka uwe umekaribia kukigusa. Macho yanakwenda kwenye kile kilichoinuka, makoti yaliyotundikwa, vioo, taa za yule mzee zinazoning'inia. Cha kwangu hakikuwapo. Nilikipita kibanda changu mwenyewe hatua tatu ndipo nikakijua.

Nikakukumbuka wewe, Mama. Kila asubuhi kabla ya kutoa mkeka barazani ulikuwa unachukua doti moja, unaikunjua yote, unaitundika kwenye ile kamba juu ya mlango, pindo nne zionekane, mji wa katikati uonekane, jina, yale maneno yake, lisomeke tangu ng'ambo ya barabara. Na kesho yake unaibadilisha. Nikiwa mdogo nilidhani unaianika. Ilikuwa inaita watu.

Basi Jumapili iliyofuata nilikwenda na mlingoti. Nimenunua fito nne ndefu za mbao, nimezifunga kwa kamba ya katani kwenye pembe za meza, na kwa nyuma nimepitisha ufito wa tano juu zaidi ya kichwa cha mtu mrefu, na watu wa huku ni warefu kweli. Hapo juu nikatundika kisutu, kanga ya bibi harusi. Kile chako, ulichonifungia mkoba siku ya harusi. Unakumbuka nyekundu yake ilivyo, na ile nyeusi na nyeupe zinavyosukumana. Wakati wa baridi watu wa Berlin huvaa nyeusi na kijivu kutoka kichwani hadi miguuni, na miti haina jani. Nilipotoka barabarani kujaribu tena, nilikiona tangu mlangoni, juu ya vichwa vyote, kama bendera ya jahazi. Nililia kidogo, sikufichi.

Mengine yalikuja polepole. Meza nimeifunika amerikani nyeupe isiyotiwa rangi, imeshuka hadi chini, inaficha maboksi na thermosi ya chai. Juu yake kanga zinasema zenyewe. Mwanzo niliweka kitambaa chenye maua nikaona kila kitu kinagombana. Juu ya meza nimepindua makasha ya matunda, moja refu, moja fupi, vitu vipande ngazi visilale. Vikapu vya ukili nimevitundika kwa kufuatana, kikubwa chini, kidogo juu, na kila kimoja kina mfano wa kazi yake: kimoja kina mikate, kimoja kina nyuzi za kufuma, kimoja kina viazi. Mtu wa huku akiona kikapu kitupu anakisifu anapita. Akiona viazi ndani, anafikiria jiko lake.

Ila upepo, Mama! Mwezi wa nne ulikuja upepo mmoja ukaibeba nguzo ya nyuma pamoja na kanga zote, ukaziangusha kwenye meza ya yule mzee. Bilauri sita zilivunjika. Nilimlipa zote, hakutaka, nikamwachia pesa chini ya kikombe chake. Tangu siku hiyo kila mguu wa kibanda una dumu la lita tano la maji limefungwa kwa kamba fupi. Maji nayachota pale pale na kuyamwaga jioni, mzigo wa kurudi unakuwa mwepesi. Kwa mvua nina nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, vitu vionekane hata nikifunika. Na mwezi wa kumi na mbili jua linazama kabla ya saa kumi jioni, hivyo nimenunua taa za betri zenye mwanga wa manjano kama wa kandili. Za mwanga wa buluu zinaifanya kanga iwe kama maiti, sizitaki.

Kuna jambo jingine lililonishangaza, nalo ni katani. Kwenye pembe ya kibanda nimetundika fungu moja la singa zilizochanwa, zile nyeupe ndefu kama nywele za bibi, ambazo kaka alinipa alipotoka shambani. Nilizitundika kwa ajili ya uzuri tu. Wazee wa huku wanazijua! Wanasimama, wanazishika, wanasema jina lake. Bibi mmoja aliniambia baba yake alikuwa mkulima, na majani makavu ya ng'ombe walikuwa wakiyafunga kwa kamba hiyo. Hakujua inatoka wapi. Nikamwambia inatoka kwetu, Tanga, na kwamba aliyeleta mkonge kwetu alikuwa Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893, miche ikatoka Florida huko Marekani. Nikamwambia pia kwamba waliokata mkonge ule na kuchomwa na miiba yake walikuwa babu zetu na watu waliotolewa mbali, na kwamba Babu yetu alikuwa mmoja wao. Alinyamaza muda. Akanunua kikapu cha katani, na kila mwezi anapita kunisalimu. Nataka watu wajue hivyo vitu vimetoka mikononi mwa nani. Sitaki vikae pale kama pambo lisilo na kwao.

Jina la kanga ndilo linalowasimamisha kuliko yote. Chini ya kila kanga iliyotundikwa nimebana kadi, juu nimeandika jina lenyewe kama lilivyo, chini maana yake kwa Kijerumani. Mtu anayesoma hawezi kutembea. Akisimama yeye, wa nyuma yake anasimama kuona anasoma nini, na wa tatu anakuja kwa sababu wamesimama wawili. Kazi kubwa ni kutafsiri. "Mgeni njoo mwenyeji apone" ilinichukua siku mbili, maana ukiiandika neno kwa neno wanadhani mwenyeji ni mgonjwa. "Wasemao na waseme" inauzwa mno, hasa kwa wanawake wa umri wako. Mmoja alinunua akaivaa hapo hapo juu ya koti, akaniambia anakwenda kula kwa wifi yake.

Bei naiandika. Najua utaguna, umezoea mteja aulize mkazungumza. Huku mtu asipoona bei anaona haya, anaondoka. Anayetaka kupatana atapatana tu, na sokoni hapo ni ruhusa, dukani ndipo hawathubutu. Halafu jambo ambalo utaguna zaidi: nazikata doti. Wananunua pande moja moja, kwa skafu au kwa kutandika kwenye kochi, nami nazikata na kuzipinda usiku baada ya kazi. Mwanzo mkono uliniuma, na moyo pia. Lakini wateja wachache wa kwetu, kuna mama mmoja wa Mombasa na dada wawili wa Bujumbura, wao nawawekea doti nzima kwenye boksi la pembeni. Hao hawahitaji kadi. Wanaanza kusoma tangu mbali, wanacheka, ndipo wanafika.

Sasa mzigo. Mdogo wangu asome kwa makini.

Doti thelathini, za pamba tupu. Alowanishe kidole agonge kitambaa, rangi ikitoka asinunue, hata muuzaji akiapa. Mji uwe mkubwa na wazi, korosho, embe, jogoo, mnazi. Zenye maua madogo madogo zikiwa mbali zinakuwa tope. Majina yawe mafupi. Mipasho ya wake wenza asilete, siwezi kuieleza kwa kadi. Vikapu vya ukili ishirini, visivyotiwa varnishi, vilivyokaushwa kivulini vizuri, maana vya mwisho viwili vilifika na ukungu. Mikeka sita ya rangi, ya wale akina mama wa Pangani, na walipwe kabla haijatoka mkononi mwao. Pesa nimetuma kwa kaka.

Kwenye karatasi za mzigo aandike kwamba ni bidhaa, na bei yake ya kweli. Asiandike zawadi. Nimejiandikisha kama mfanyabiashara, kwa sababu anayeuza vitu vyake vya nyumbani vilivyomchosha huachwa, lakini anayenunua ili auze lazima aandikishwe. Kodi yao ya mauzo ni asilimia 19 na nimeshaiweka kwenye hesabu. Nataka siku wakinisimamisha niwe na karatasi kama wewe ulivyokuwa ukihifadhi risiti zako kwenye kopo la maziwa.

La mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumapili iliyopita alikuja mwanamke mmoja na binti yake anayeolewa. Alikuwa amesoma kadi ya kisutu, pale nilipoandika kwamba ni kanga ya bibi harusi. Akakitaka. Nikamwambia hakiuzwi. Akaongeza bei, akaongeza tena, akafika pesa ninazozipata kwa Jumapili mbili. Binti yake alikuwa amekishika kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu aliyefundishwa. Nilikataa. Waliondoka bila kinyongo, ila mimi nilikaa jioni nzima sina raha. Si haki kutundika juu ya vichwa vya watu kitu usichotaka wakichukue. Nikakishusha, nikakikunja kama ulivyokikunja wewe, kimerudi kwenye sanduku pamoja na udi.

Kwa hiyo juu ya zile thelathini ongeza visutu vitano, Mama, na hivyo uchague wewe mwenyewe, usimtume mtu. Yule mwanamke aliniachia namba yake, na harusi ni mwezi wa sita.

Msalimie Baba, msalimie shangazi, wabusu watoto wa kaka. Nakuomba radhi na dua zako.

Ni mimi mwanao