Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: tunaomba mafundi wakague nyumba za Uswahilini

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi umeme wa majumbani, Mbagala. Nakuandikia kuhusu uniti 75.

Mteja wa D1, kundi la bei nafuu la TANESCO kwa anayetumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, hununua uniti moja kwa shilingi 122 pamoja na kodi. Akivuka na kuhamishiwa T1, kundi la matumizi ya kawaida, uniti ile ile anainunua kwa takriban shilingi 356. Kwa hiyo uniti 75 za D1 ni kama shilingi 9,150, na uniti 80 za T1 zinapita shilingi 28,000. Tofauti ya uniti tano inamtoa mtu karibu shilingi 19,000 kila mwezi. Kwa mjane anayeuza vitumbua, hiyo ni ada ya mtoto.

Kikomo hiki kiliwekwa kumlinda mnyonge, nami nakiunga mkono. Lakini tazama nyumba zetu zilivyo. Vyumba sita, korido katikati, choo uani. Mwenye nyumba, mara nyingi mstaafu au mjane, anakaa chumba cha mbele na vingine amepangisha. Mita ni moja, na kila mwezi watu wanachangishana hela ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Kaya tano au sita za kipato cha chini zinahesabiwa kuwa mteja mmoja mkubwa, wakati kijana mwenye mshahara mzuri anayeishi peke yake na mita yake anaweza kubaki D1 miaka yote.

Ndani ya nyumba hizi umeme mwingi unapotea bila kumnufaisha yeyote. Kinachoniumiza zaidi ni nyaya. Nyumba ilijengwa na vyumba viwili, vikaongezwa viwili, kisha viwili tena, na kila mara waya umeungwa juu ya waya. Ganda limechubuka, mvua inapita kwenye bati, umeme unavujia ukutani. Wenye nyumba wanalalamika kwamba mita inakula uniti usiku wakiwa wamelala. Kupima si kazi: zima taa na vifaa vyote, chomoa plagi zote, kisha tazama kitaa kidogo cha mita. Kikiendelea kupepesa, kuna umeme unakwenda mahali. Na ukuta unaovuja umeme siku moja utamrusha mtoto aliyetoka kuoga. Hapa uniti na uhai ni suala moja.

Friji zinafuata. Nyingi ni za mtumba na mpira wa mlango umekwisha. Bana karatasi mlangoni na ufunge. Ukiivuta ikatoka bila kukwama, baridi inatoka pia, na mashine inanguruma usiku kucha. Balbu ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa kumi kila usiku inakula uniti 18 kwa mwezi, ilhali ya LED ya wati 9 haifiki uniti 3. Tena kuna bati lisilo na dari. Kuanzia Desemba hadi Machi chumba hakilaliki bila feni, na feni ya wati 60 kwa saa kumi za usiku ni uniti 18 nyingine, kwa chumba kimoja tu.

Wenzetu walishafanya. Mwaka 2007 Ghana iligawa bure balbu milioni 6 za matumizi madogo, na mwaka 2012 ikaanzisha mpango wa mtu kurudisha friji kuukuu na kupewa punguzo la kununulia mpya. Marekani ina mpango wa serikali tangu mwaka 1976: mkaguzi anafika kwa kaya ya kipato cha chini, anapima nishati inapopotelea, kisha mafundi wanarekebisha na kaya hiyo hailipi.

Sisi hatuanzii sifuri. Serikali imeshatoa mitungi ya gesi kwa ruzuku kupitia REA, Wakala wa Nishati Vijijini. Vijana waliosomea umeme kwenye vyuo vya ufundi vya VETA wapo mitaani wanatafuta kazi, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatoa leseni za mafundi. Kaya zenye uhitaji zimo kwenye orodha za TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, na wale wasiokuwamo, wenyeviti wa mitaa wanawajua kwa majina. Njia ya kukusanya fedha pia ipo: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU, sasa shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kama LUKU inaweza kukata kodi, inaweza pia kukata kidogo kidogo sehemu ya gharama za matengenezo itakayobaki baada ya ruzuku, kwa kiasi kisichozidi kile ambacho nyumba imeokoa.

Ninachoomba ni fundi mwenye leseni afike, apime, aache karatasi moja ya Kiswahili inayosema uniti zinapotelea wapi na kipi kianze. Nyaya zirekebishwe kwanza, kwa ruzuku kamili kwa wasio na uwezo kabisa, maana hiyo ni hatari. Balbu, mpira wa friji na dari vifuate. Na nyumba yenye kaya nyingi kwenye mita moja ihesabiwe kwa kaya zake, isiadhibiwe kwa sababu wakazi wake hawamudu mita za peke yao.

Bwawa la Julius Nyerere linazalisha, megawati 2,115, na najua kuna watakaokuambia umeme sasa ni mwingi, kubana matumizi kwa nini. Umeme ni mwingi bwawani, Mheshimiwa. Huku mama anaogopa kuchomeka jiko la umeme asije akavuka kikomo, anarudi kwenye mkaa, wakati lengo la taifa ni asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Uniti zinazovujia ukutani zingetosha kumpikia maharage kwenye jiko la umeme la presha.

Chagua kata moja ya Temeke, tuanze kabla ya Desemba. Mita zisomwe kabla na baada ya matengenezo, na matokeo yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa kila mwananchi ayasome.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi umeme wa majumbani,
Mbagala, Dar es Salaam