Umeme ukikatika haufuti kilichokwisha kuandikwa

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo kuhusu kauli ambayo imekuwa ngao ya ofisi nyingi: "Umeme ulikatika, data zote zimefutika." Mwezi uliopita niliisikia hapa Jinja, katika mkutano wa chama cha akiba ambamo mimi ni mwanachama, pale katibu aliposimama kutueleza kwamba hesabu zetu za miaka mitatu zimepotea usiku mmoja. Watu walinyamaza. Mama mmoja muuza samaki, aliyeketi mbele yangu, alitoa mfuko wake wa stakabadhi akaanza kuzihesabu moja moja.

Nimefundisha fizikia kwa miaka mingi, na kwa heshima zote napenda kusema kwamba maelezo yale hayakuwa sahihi.

Iko sehemu ya kompyuta ambayo kweli husahau umeme ukikatika. Ni kumbukumbu ya muda, ambayo huhifadhi kila biti, yaani kila 0 au 1, kama chaji ndogo ya umeme ndani ya kapasita, kijichombo cha kutunzia chaji, na chaji hiyo huvuja upesi kiasi kwamba kompyuta hulazimika kuijaza upya mara nyingi katika kila sekunde. Lakini hesabu za miaka mitatu haziishi humo. Zinaishi kwenye diski, na diski haitunzi kwa chaji bali kwa sumaku.

Uso wa diski umepakwa utando mwembamba wa aloi ya kobalti, na kila sehemu ndogo ya utando huo ni sumaku ambayo ncha yake ya kaskazini imeelekea ama juu ama chini. Wakati wa kuandika, mkondo wa umeme hupita katika koili iliyo kwenye kichwa cha kuandikia. Mkondo ukigeuzwa mwelekeo, ncha za sumaku hizo nazo hugeuka. Ni jambo lile lile aliloliona Hans Christian Ørsted wa Denmark mwaka 1820, sindano ya dira iliposogea karibu na waya wenye umeme, na ambalo Mdenmaki mwenzake, Valdemar Poulsen, alilitumia mwaka 1898 kunasa sauti kwenye waya wa chuma. Umeme, basi, ni kalamu tu. Sisi tuliokuwa na kaseti za muziki wa kadongo kamu, zenye ule utepe wa kahawia uliopakwa oksidi ya chuma, je, nyimbo zilifutika kila redio ilipozimwa?

Hata kukatika kwa ghafla kumefikiriwa. Diski huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa huelea juu yake kwa nanomita chache tu, kwa hiyo kikiangukia uso kinaweza kuukwaruza. Umeme unapokatika, mzunguko uliobaki huigeuza mota ya diski kuwa jenereta ndogo, na umeme wake ndio unaokirudisha kichwa mahali pake pa kuegeshwa. Nikifika hapa darasani hupenda kuwaonyesha wanafunzi upande liliko bwawa la umeme la Nalubaale, kwa sababu kanuni ni moja, ile ya sumaku na koili kuzalisha umeme kimoja kikizunguka karibu na kingine, aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, isipokuwa kule maji ya Nile ndiyo yanayozungusha mitambo, tangu mwaka 1954.

Sisemi kwamba hakuna kinachoweza kuharibika. Faili iliyokuwa ikiandikwa dakika ile yaweza kupotea. Orodha inayoionyesha kompyuta kila faili iko wapi yaweza kuvurugika, na kompyuta ikadai kwamba diski ni tupu. Tena umeme unaporudi kwa nguvu kupita kiasi huweza kuunguza sakiti iliyo chini ya diski. Lakini katika hali hizo mbili za mwisho sumaku zilizo juu ya uso huwa bado zimeelekea kule kule zilikoelekezwa, na mara nyingi mtaalamu mwenye vifaa huweza kuzisoma.

Katibu alituahidi kwamba kuanzia sasa hesabu zote zitawekwa kwenye flashi. Hapo pia nina wasiwasi, kwa sababu flashi haina sumaku: inafungia elektroni ndani ya kihami, kitu kisichopitisha umeme, na ikiachwa miaka mingi bila kuchomekwa, elektroni hizo huvuja taratibu. Inafaa iwe nakala ya pili, isiwe nakala pekee.

Niliruhusiwa kuiona diski yenyewe. Imewekwa kabatini, juu ya rundo la fomu za zamani, ikisubiri kutupwa. Ninayo nyingine mbovu niliyoifungua mbele ya wanafunzi; uso wake unang'aa kama kioo, na alama moja ya kidole ingetosha kukikwamisha kichwa. Kwa hiyo naiomba kamati ya chama chetu, na ofisi yoyote iliyo na diski ya namna hii kabatini, isiitupe, isiendelee kuiwasha kwa kujaribu, wala isimruhusu fundi kuifungua juu ya meza yenye vumbi. Ipelekwe kwa mtaalamu wa kuokoa data. Gharama tutachangia wanachama, na mchango wangu nimekwisha kuuweka kwa mweka hazina.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fizikia,
Jinja