Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vioja, Mafundi Wake na Daftari Letu

Ndugu wanachama, ndugu wajumbe wa kamati tendaji,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti kila mwisho wa mwaka asimame mbele yenu aeleze chama kimefanya nini. Kazi yetu mnaijua: kutafuta, kutazama na kuhifadhi habari za vitu visivyo vya kawaida katika sanaa, usanifu, upigaji picha, mavazi na vifaa vya kubuni. Naanza na uamuzi uliotuchukulia muda kuliko jambo lingine lolote, maana mengi niliyonayo leo yametokana nao.

Kamati imeamua kwamba hakuna kitu kitakachoingia kwenye daftari la chama kwa picha peke yake. Anayekileta ataje kimetengenezwa na nani, lini, kwa malighafi gani, na kinafanyaje kazi. Baadhi yenu mliliona sharti hili kuwa zito na mlisema hivyo wazi kikaoni. Hoja zenu nilizisikia, na bado naunga mkono uamuzi. Siku hizi picha za viti vya ajabu, viatu vya ajabu na baiskeli za ajabu zinatolewa na programu za akili mnemba kwa sekunde chache, na hakuna kiti, kiatu wala baiskeli iliyowahi kuwepo. Tuliletewa kadhaa za namna hiyo, na waliozileta ni wanachama waaminifu ambao nao walitumiwa na wengine.

Hata kama udanganyifu usingekuwepo, ningelitetea sharti hili. Chukueni kikombe cha Meret Oppenheim: kikombe, sahani yake na kijiko, vyote vimevalishwa manyoya ya swala. Ukikiona pichani utashangaa kidogo, kisha utapita. Lakini ukijua kwamba mwaka 1936 msanii huyo alikuwa mgahawani Paris pamoja na mchoraji Pablo Picasso na mpiga picha Dora Maar, mkononi amevaa bangili iliyofunikwa manyoya. Kwamba Picasso alisema chochote kinaweza kufunikwa namna hiyo, naye Oppenheim akajibu hata kikombe na sahani hii. Kwamba baadaye alinunua vyombo vya kawaida kabisa dukani akalitimiza neno lake, hapo kikombe kinaanza kukusumbua. Unawaza kukipeleka mdomoni. Mazungumzo ya mezani yakawa kazi ambayo leo iko katika Jumba la Sanaa za Kisasa la New York, na anayeitazama hawezi kuyajua hayo asipoambiwa.

Sasa kikundi cha picha, ambacho nakiri ndicho kilichonifurahisha kuliko vyote. Walianza kwa kusoma habari za Regina Valkenborgh. Mwaka 2012, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza, alichukua kopo la kinywaji, akalitoboa tundu dogo, akaweka ndani yake karatasi ya picha na kulifunga kwenye moja ya darubini za kituo cha Bayfordbury. Kisha likasahaulika. Lilifunguliwa Septemba 2020, likiwa limekaa juu pale miaka minane na mwezi mmoja. Karatasi ilikuwa imehifadhi michirizi 2,953 ya jua, kila mmoja ukiwa ni safari ya jua kutoka macheo hadi machweo, ile ya kiangazi juu na ile ya majira ya baridi chini, na upande wa kushoto kuba la darubini limesimama. Inaaminika kuwa hakuna picha nyingine iliyopokea mwanga kwa muda mrefu kiasi hicho.

Wenzetu hawakusubiri miaka minane, bali miezi michache, lakini njia waliyofuata ni ileile. Kopo hukatwa juu na kusafishwa vizuri. Ubavuni hutobolewa tundu kwa ncha ya sindano, taratibu, huku ukizungusha sindano ili kingo zisibaki na chembe za bati. Gizani, au chini ya taa nyekundu hafifu, karatasi ya picha ya rangi nyeusi na nyeupe hukunjwa ikakumbatia ukuta wa ndani, upande wenye dawa ukitazama tundu, na pale penye tundu huachwa mwanya. Kifuniko hubandikwa kwa utepe mweusi, tundu huzibwa, na kopo hufungwa kwa waya mahali lisipotikisika. Ukishabandua kizibo cha tundu, kazi yako imekwisha mpaka siku ya kulishusha.

Picha hizi hazisafishwi kwa dawa. Mwanga ukiwa mwingi namna hiyo, karatasi hubadilika yenyewe, na anayeifungua huona taswira tayari ipo. Inatolewa gizani, inawekwa kwenye skana, rangi zinageuzwa kwa kompyuta. Ila ukumbuke kwamba taa ya skana nayo ni mwanga, na inaendelea kuichoma karatasi hiyo, kwa hiyo nafasi nzuri ni ile ya kwanza. Nilikuwepo zilipofunguliwa. Karatasi moja ilitoka na rangi ya waridi iliyochafuka kuelekea hudhurungi, matao ya jua yamepangana kwa usafi wa kushangaza, na kati yake mapengo ya siku za mawingu. Kona ya chini maji yalikuwa yamepenya, yakaacha doa la buluu lenye kingo kama ramani ya kisiwa. Aliyetengeneza kopo hilo alisikitikia doa. Mimi nilimsihi asilifute, maana mvua nayo ilikuwa sehemu ya miezi ile, na nafurahi kwamba picha imeingia daftarini pamoja na doa lake.

Kundi la vifaa lilijikita kwa Wajapani, hasa Kenji Kawakami na kile anachokiita chindogu: vifaa vinavyotatua tatizo halisi la kila siku, lakini vikizaa usumbufu mkubwa kiasi kwamba hakuna atakayevitumia. Viatu vya paka vyenye vitambaa chini ili afute vumbi akitembea. Miwani yenye faneli mbili ndogo za kulengea dawa ya macho. Kawakami aliviwekea kanuni kumi, na msizichukulie kuwa mzaha mtupu. Kifaa lazima kitengenezwe kweli, kisibaki mchoro. Kisiuzwe. Kisisajiliwe hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi peke yake. Na kisitengenezwe kwa ajili ya kuchekesha tu, kwani kicheko ni matokeo ya kutafuta suluhisho.

Wanachama walijaribu vya kwao. Mmoja alileta kofia yenye mkono wa waya unaoshika kitabu mbele ya macho ya mtu anayetembea, na vioo viwili vilivyopangwa kama periskopu ili aone njia iliyofichwa na kitabu. Tuliivaa kwa zamu. Inafanya kazi kweli: unasoma, unainua macho kidogo, unaiona njia. Tatizo ni kwamba kioo cha chini kinashika ukungu wa pumzi, hivyo kila baada ya hatua kadhaa unasimama, unakifuta, unatafuta upya mstari uliokuwa ukisoma. Mgeni mmoja alitaka kuinunua. Mwenye kofia alikataa, akamwelekeza kwenye kanuni, na nadhani alifanya vema. Mtu akianza kufikiria soko ataanza kuondoa ule ukaidi unaokipa kifaa hicho uhai.

Hata hivyo, mpaka kati ya kisichofaa na kinachofaa hausimami mahali pamoja. Fimbo ya selfi ni ushahidi. Hiroshi Ueda, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya kamera ya Minolta, aliibuni miaka ya mwanzo ya 1980 na ikapewa hataza, lakini haikupata soko. Mwaka 1995 ilichapishwa kitabuni miongoni mwa vifaa vya Kijapani vinavyokaribia kukosa matumizi. Hataza yake ilikuwa imekwisha muda dunia ilipoanza kuitumia.

Katika mjadala huohuo tulitazama karatasi inayozunguka ya Manu Prakash na Saad Bhamla wa Chuo Kikuu cha Stanford, iliyotangazwa mwaka 2017, na hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ni kitu ninachokihusudu. Wengi wenu mmekicheza kichezeo chake mkiwa watoto: kifungo chenye matundu mawili kinapitishiwa uzi, unavuta na kulegeza, nacho kinavuma. Watafiti hawa walichunguza kwa hesabu jinsi uzi unavyojisokota na kujisokotoa, wakabadilisha kifungo kwa duara la karatasi ngumu linalobeba mirija midogo yenye damu. Kwa nguvu ya mikono tu lilifikia mizunguko 125,000 kwa dakika, na likatenganisha chembe za damu na ute wake, yaani majimaji yake, kwa dakika moja na nusu, bila umeme. Mwanachama mmoja aliuliza kikaoni kama kifaa cha maabara kinastahili kuwa kwetu. Kinastahili. Waliokitengeneza walikiangalia kichezeo kwa makini ambayo wengine huyaweka akiba kwa mashine kubwa.

Upande wa mavazi ndiko tulikobishana zaidi. Tarehe 30 Septemba 2022, katika maonyesho ya kampuni ya mitindo ya Coperni mjini Paris, mwanamitindo Bella Hadid alisimama jukwaani karibu bila nguo, na mvumbuzi Manel Torres akiwa na msaidizi wake wakampulizia kimiminika cheupe mpaka kikawa gauni. Kimiminika hicho kina nyuzi fupi na gundi ya polima. Kiyeyushi kikishakauka hewani, nyuzi zinashikana zikawa kitambaa unachoweza kukivua. Kisha mbunifu mmoja akaja, akashusha mikanda mabegani, akakata mpasuo kwa mkasi. Baadhi yenu mlisema ni kiinimacho cha kuuza mikoba. Wengine mlisema ni mwanzo wa njia mpya ya kutengeneza nguo. Kwangu sehemu yenye thamani ni ule mkasi. Mpaka ulipopita, kilichokuwa mwilini kilikuwa ngozi ya rangi. Baada yake kikawa gauni, na watazamaji walielewa hivyo papo hapo.

Lakini kama ningelazimika kuchagua vazi moja la kuhifadhi, ningechukua la mbunifu wa Kijapani Issey Miyake. Kwa kawaida kitambaa hupigwa marinda kwanza, ndipo nguo ishonwe. Yeye alipindua utaratibu. Nguo inakatwa na kushonwa ikiwa kubwa mara mbili na nusu au tatu ya mwili, kisha inalazwa katikati ya karatasi na kuingizwa kwenye mashine ya kukandamiza kwa joto. Inatoka na kimo chake halisi na marinda yasiyofutika, kwa kuwa poliesta ikishapata joto hilo huishika mikunjo. Haihitaji pasi, unaisokota unaitia begini. Wacheza dansi wa mtunzi wa dansi William Forsythe walizivaa mwaka 1991, wakaruka nazo, na mwaka 1993 zikaanza kuuzwa kama toleo linalojitegemea. Na bado watu wanazivaa.

Sanaa ya vitu vilivyotupwa tuliipa kikao kimoja tu, nami naona hakikutosha. El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria, huunganisha maelfu ya vifuniko vya chupa vilivyopondwa kwa waya wa shaba mpaka vikawa pazia la ukubwa wa ukuta. Alitunukiwa tuzo ya Simba wa Dhahabu ya maonyesho ya sanaa ya Venice mwaka 2015. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hatoi maelekezo makali ya namna ya kulitundika: waandaaji wa kila jumba hulikunja watakavyo, kwa hiyo kazi ileile haifanani mahali pawili. Kando yake tuliweka miwani ya Cyrus Kabiru wa Kenya, anayeiunda kwa nyaya, vipande vya bati na mabaki ya vyombo vya umeme. Napendekeza mwaka ujao wawili hawa wapewe kikao kila mmoja.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini, nami sitamtangulia. Nitaje tu kwamba ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka uliotangulia, na kwamba skana tuliyonayo imechoka. Ombi la kuibadilisha lipo kwenye ajenda. Ukumbi tuliokuwa tukiutumia uliondolewa kwetu bila taarifa ya kutosha, na katibu alihangaika mno kupata mwingine. Namshukuru kwa hilo kwa dhati.

Kwa mwaka ujao kikundi cha picha kimependekeza warsha ya sayanotaipu, ile njia ya picha za buluu iliyogunduliwa na John Herschel mwaka 1842. Mwaka uliofuata Anna Atkins aliitumia kutoa kitabu cha mwani, akilaza mmea wenyewe juu ya karatasi iliyopakwa chumvi za chuma na kuiacha juani. Kinahesabiwa kuwa kitabu cha kwanza kuwekwa picha za namna hii. Haihitaji kamera wala dawa kali, kuosha ni kwa maji matupu. Tunahitaji chumba kinachoweza kutiwa giza kwa ajili ya kupaka karatasi. Mwenye nacho amwone katibu kabla hatujaondoka hapa. Wengine anzeni kukusanya majani membamba yenye mishipa inayoonekana, myabane katikati ya vitabu yakauke yakiwa bapa.

Waliokwisha kuleta vitu daftarini kabla ya sharti jipya wana muda mpaka mkutano wa robo ya kwanza kujaza maelezo yanayokosekana. Fomu anazo katibu, na atakayekwama kumtambua mtengenezaji aniletee tutafute pamoja.

Naomba mkutano uipokee taarifa hii, kisha tuingie kwenye ajenda ya skana.

Mwenyekiti